Nakula usiku wa manane kama mwizi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 24, mzaliwa wa Mwanza, Msukuma na Msabato. Hayo mawili nayataja mapema kwa sababu shida zangu zote zimeanzia hapo. Usukuma wangu unataka dagaa, Usabato wangu hautaki nguruwe.

Nilifika Ujerumani Septemba mwaka jana kusomea uuguzi, mkataba wa miaka mitatu. Niko mji mdogo karibu na Oldenburg, jimbo la Niedersachsen. Wiki nyingine tupo darasani, wiki nyingine tupo kazini kwenye nyumba ya wazee. Kazi naiweza. Wazee wananipenda, na kuna bibi mmoja kila asubuhi nikimvalisha soksi ananiuliza kama nimekula. Huwa namdanganya.

Kinachonishinda ni kula, Shangazi.

Nyumba ninayoishi ina vyumba vitatu na jiko moja. Mmoja wa wenzangu ni dada wa Kijerumani wa rika langu, mwingine ni Mfilipino anayefanya kazi hospitalini, hasemi sana. Novemba mama alinitumia dagaa kilo mbili pamoja na michembe kwa mtu aliyekuwa anakuja huku. Siku ile ile nikapika dagaa kwa nyanya, nikasonga ugali wa unga wa njano niliouokota dukani, nikala mpaka machozi yakanitoka. Kesho yake nikakuta kikaratasi kimebandikwa kwenye friji: "Tafadhali usipike samaki huyu tena. Harufu inaingia kwenye nguo." Hakina jina wala salamu, ila mwandiko ni wa yule Mjerumani. Na asubuhi hiyo tulikuwa tumepishana mlangoni akanichekea.

Tangu hapo nikawa napika saa sita usiku wenzangu wakiwa wamelala. Nafungua dirisha, baridi inaingia, nimevaa koti jikoni. Chakula kikiiva nabeba sahani, naingia chumbani, nafunga kwa ufunguo, nakula nimekaa kitandani. Shangazi, kwetu anayefunga mlango ndipo ale ni mchoyo, na anayepika wenzake wakilala ni mwizi. Mimi nimekuwa vyote viwili.

Mwezi uliopita nikakuta mfuko wangu wa dagaa haupo kabatini. Nikauona nje, kwenye pipa la taka za vyakula, umemwagwa. Ilikuwa imebaki kama kilo moja na robo. Sikusema kitu, nilirudi kulala. Sasa nakula mkate na jibini tu, na nimepungua kilo sita.

Kazini nako wananikwepa. Januari walinialika kwenye matembezi yao ya majira ya baridi wanayoyaita Kohlfahrt. Wanatembea mashambani wakivuta kigari kilichojaa pombe, halafu wanaishia mgahawani kula mboga za majani na nguruwe. Na siku yenyewe Jumamosi! Sabato, pombe na nguruwe kwa mwaliko mmoja. Nikasema siwezi, sikueleza sababu. Tangu siku hiyo hata kahawa hawaniiti. Kabla ya hapo msimamizi wangu alinialika kwake saa moja jioni, nikashinda na njaa nikisubiri chakula cha wageni, nikawekewa mkate, jibini na matango ya siki. Nilijiuliza nimemkosea nini.

Halafu kuna mambo ya maduka. Jumamosi sinunui kitu, ni Sabato. Jumapili ndiyo ningenunua, maduka yote yamefungwa. Kila wikendi friji yangu haina kitu.

Pona yangu ni Hamburg. Kuna mama mmoja wa Musoma tuliyekutana kanisani, na kila Jumapili nisipokuwa zamu napanda basi na treni mbili, masaa matatu kwenda na matatu kurudi, nikale kwake na niongee Kiswahili. Yeye ananishauri niache mafunzo nihamie kwake. Anasema kuna kazi ya usafi hotelini, malipo yanazidi posho ninayopata. Mama naye kila akipiga simu swali ni hilo hilo: umekula nini mwanangu? Namwambia wali kuku, namtumia na picha za meli za Hamburg.

Je, nihame? Na huyu dada wa dagaa nimfanye nini?

Mla Usiku, Niedersachsen

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na dagaa, maana barua yako niliisoma nimesimama, nikafika hapo nikakaa.

Umeandika kikaratasi na pipa kana kwamba ni kosa moja. Mimi nayaona mawili. Kikaratasi ni desturi yao. Watu wa huku huandikiana vikaratasi juu ya baiskeli iliyoegeshwa vibaya, nguo zilizosahaulika kwenye mashine, muziki baada ya saa nne usiku. Nilipofika Bremen mwaka 1996, tukihesabu mark bado, fedha yao ya kabla ya euro, nilipata vikaratasi vinne mwezi wa kwanza, na kimojawapo kilinifundisha namna ya kukunja maboksi kabla ya kuyatupa. Niliapa kwamba jengo zima linanichukia. Kumbe aliyeandika ndiye aliyekuja kunibebea mizigo nilipohama. Kwa hiyo aliyekuchekea asubuhi huku karatasi yake iko kwenye friji si lazima awe mnafiki. Kwake yeye neno limeshasemwa, limeisha.

Lakini kumwaga chakula cha mtu pipani si desturi ya nchi yoyote niliyokanyaga. Hiyo ni mali yako, imetoka kwa mama yako, imevuka bahari. Hapo usinyamaze. Ila nimekusoma mara mbili, na hukuandika popote kwamba ulimwona akimwaga. Basi utauliza, hutashitaki. Waite wote wawili mezani, mchana, mkiwa mmekaa. Sema: mfuko wangu wa samaki wakavu ulitupwa, ulikuwa zawadi ya mama yangu, nani aliutupa na kwa nini? Kijerumani chako kinachokutosha kumuuguza mzee kitatosha kwa sentensi hiyo. Halafu unyamaze, uwaachie wao kimya kile. Mjerumani ukimuuliza jambo waziwazi mara nyingi atakujibu waziwazi. Huenda alidhani wameoza, maana hajawahi kuona samaki wadogo wenye macho ndani ya mfuko wa nailoni. Huenda alifanya kwa ukorofi. Vyovyote iwavyo, mwambie alipe, hata kama ni euro kumi, maana akishalipa atajua kwamba ametupa chakula wala si uchafu. Akikataa na akarudia, zungumza na mwenye nyumba au anayeshughulikia wanafunzi hapo kazini kwenu. Hilo la kurudia sasa lina jina lingine, na usikubali mtu akwambie ni utani.

Sasa nikugeukie wewe. Dagaa wananuka, tusidanganyane. Hata Mwanza kwenyewe, mtu akipanda daladala anatoka Mwaloni Kirumba, abiria wote wanajua alikotoka. Nyumba za huku zimejengwa kuzuia joto lisitoke, na harufu nayo haitoki. Inakwenda kwenye makoti ukumbini na inakaa huko wiki nzima. Kwa hiyo waambie unapika siku zipi, sema Jumatano na Jumapili, saa kumi jioni na siyo saa sita usiku. Makoti yaingie vyumbani, mlango wa jiko ufungwe. Watoe vichwa dagaa, waloweke kwenye maji ya moto na limao, mwaga maji hayo, kisha uwaweke kwenye mchuzi wa nyanya na mfuniko juu. Kinachonuka zaidi ni kukaanga, hilo tulifanyie Mwanza. Ukimaliza fungua madirisha mawili yaliyotazamana, yote wazi, dakika kumi. Kwa Mjerumani kupitisha hewa ndani ya nyumba ni ibada. Akikuona unafungua dirisha pana namna hiyo atakuheshimu kabla hata hajaonja. Pika sufuria kubwa, gawa kwenye vibakuli, weka kwenye friza.

Na ukishindwa kujieleza, panda treni uende ukanunue Kieler Sprotten. Hao ni samaki wadogo wa kuchomwa kwa moshi, fahari ya watu wa Kiel. Wanawekwa kwenye kasha dogo la mbao, na wenye kuwajua wanawala wazima, kichwa na mkia. Weka kasha hilo mezani, na kiganja cha dagaa pembeni yake. Huhitaji hotuba. Hao ni watu wanaokula heringi, samaki wa bahari yao, mbichi aliyelowekwa chumvi, wanamshika mkia wanamning'iniza kinywani, halafu dagaa wetu wawatishe?

Yule Mfilipino mkimya ndiye aliyenishangaza. Umeishi naye miezi mitano na hukumkaribisha hata kijiko? Kwao samaki mkavu ni chakula cha asubuhi, na wali wa kitunguu saumu. Nina hakika na yeye ana mfuko wake kauficha mahali. Mgongee mlango leo.

Chakula chenyewe kipo mwanangu, hujaambiwa tu kinaitwaje. Mimi ni mtu wa Tanga na ni Muislamu, kwa hiyo hilo la nguruwe nalijua kwa miaka yote niliyofanya kazi kwenye jiko la hospitali. Jifunze kusoma nyuma ya pakiti: Schwein ni nguruwe, Speck na Schmalz ni mafuta yake mara nyingi, Gelatine usiposoma ya nani iache. Halafu tafuta duka la Waturuki, hakuna mji wa kuanzia watu elfu chache usiokuwa nalo karibu. Huko utajiona nyumbani kwa masikio. Bamia wanaita bamya, chai ni çay, sabuni ni sabun, kitabu ni kitap, na dunia ni dünya. Mara ya kwanza niliposikia nilitaka kumkumbatia muuzaji. Wanauza unga laini wa mahindi, wa njano kweli, lakini ukisonga kwa moto mdogo na usiharakishe unashika vizuri kuliko ule wa Kiitaliano wa chengachenga ulioupata. Sembe nyeupe na unga wa muhogo uko kwenye maduka ya Waafrika, Bremen yapo. Tui la kopo na mihogo ya kugandishwa, nenda kwa Waasia.

Na mboga! Hapa ndipo nilipocheka peke yangu. Unalia njaa ukiwa jirani na Oldenburg, mji unaojitangaza kuwa makao makuu ya Grünkohl. Unajua Grünkohl ni nini? Ni ndugu wa damu wa sukuma wiki, majani yake tu ndiyo yamejikunja kama yamesukwa. Inauzwa mifuko kwa mifuko kuanzia Novemba, na wenyeji watakwambia huwa tamu baada ya kupigwa na baridi kali. Wao wanaipika masaa mengi na soseji ya Pinkel, ambayo ni mafuta ya nguruwe na shayiri. Wewe ikate nyembamba, kaanga kitunguu, nyanya, dakika kumi imeiva. Nunua mifuko mitatu sasa hivi kabla Machi haijaisha, chemsha kidogo, gandisha. Ila ya kopo usiguse, mara nyingi wameshatia mafuta.

Basi ile Kohlfahrt uliyoikimbia walikuwa wanakupeleka kula sukuma wiki, mwanangu. Ulikuwa na haki ya kukataa, sina neno. Lakini wewe ulisema "siwezi" ukanyamaza, na mtu wa huku neno hilo analisikia kama "siwataki". Waeleze. Sema: siku yangu ya ibada ni Jumamosi, pombe sinywi, nguruwe sili. Ni sentensi moja. Mimi nilipowaambia jikoni kwetu walicheka wiki ya kwanza, wiki ya pili mpishi mkuu akawa ananitengea sahani yangu bila kuombwa, na aliyethubutu kuigusa alifokewa. Wiki ijayo peleka bakuli la hiyo mboga kazini, yao ya Grünkohl kwa mapishi ya Mwanza, iweke chumba cha mapumziko. Itakuwa na mazungumzo mpaka Pasaka. Na bibi yako wa kila asubuhi mpelekee kijiko, daktari akiruhusu.

Msimamizi wako naye hakukudharau kwa mkate ule. Chakula cha moto kwao ni cha mchana, jioni wanakula mkate, na hata jina la mlo wenyewe kwa lugha yao ni "mkate wa jioni". Amekulisha anavyokula yeye na watoto wake. Mrudishie mwaliko, umlishe wali saa moja usiku, naye ashangae kwa zamu yake.

Kuhusu Sabato na maduka, majira ya baridi yako upande wako na hujagundua. Desemba na Januari jua huku linazama mapema, kwenye saa kumi na kitu jioni. Jumamosi hiyo hiyo, Sabato ikishatoka, maduka makubwa yapo wazi masaa matatu au manne zaidi. Balaa lako linakuja Juni, jua litazama karibu saa nne usiku na hutapata hata chumvi. Kwa hiyo kuanzia Mei nunua Alhamisi. Ukisahau, Jumapili maduka ya ndani ya stesheni kubwa kama Bremen na Hamburg yanafunguliwa, na waoka mikate wengi hufungua asubuhi kwa masaa machache. Bei za stesheni zina dharau, lakini huli bei.

Sasa Hamburg. Hapo nitakuwa mkali kidogo, unisamehe.

Usihame. Kibali chako cha kukaa Ujerumani kimetolewa kwa ajili ya hayo mafunzo. Ukiacha ukaenda kusafisha vyumba hotelini, kilichokushika nchi hii kimekatika, na huyo mama mwema wa Musoma hataweza kukuandikia kingine. Simtilii shaka nia yake. Ila malipo anayokutajia yanaonekana makubwa leo kwa sababu yako ni ya mwanafunzi. Miaka miwili na nusu ijayo utakuwa na cheti cha Pflegefachfrau, yaani muuguzi kamili, na hospitali za Hamburg hiyo hiyo zitakuandikia zenyewe. Kama kweli moyo wako uko Hamburg, njia halali ipo: tafuta kule shule na mwajiri wa mafunzo hayo hayo, pata mkataba mpya mkononi, peleka ofisi ya wageni wakubali, ndipo uandike barua ya kuacha huku. Usianze na barua. Nimewaona waliotanguliza barua.

Na hizo safari zako zinakumaliza. Masaa sita kila Jumapili kwa sahani moja, halafu Jumatatu alfajiri zamu. Nadhani unatumia Deutschlandticket, ile iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na sasa ni 63. Tiketi hiyo inakuruhusu treni zote za mikoa nchi nzima, na wewe umeigeuza daladala ya kwenda kula! Uliza kazini kama kuna nafuu ya wanafunzi. Hamburg nenda mara moja kwa mwezi, na mkoba mtupu, urudi umejaa unga. Jumapili nyingine mwalike huyo mama aje yeye, umpikie kwako, mlango wazi, mbele ya wenzako wote wawili. Zinazobaki nenda mahali usipomjua mtu. Nenda Bremerhaven ukaone bandari waliyoondokea watu zaidi ya milioni saba kutafuta maisha Amerika. Kuna makumbusho yao pale, na utakuta jinsi walivyofunga vyakula vya kwao kwenye masanduku, sawasawa na mama yako. Nenda Norddeich maji yakiwa yamekupwa. Mimi wa Tanga nilidhani nimeona kupwa na kujaa, mpaka nilipoona bahari ile imeondoka yote machoni, watu wanatembea juu ya tope peku. Usiingie topeni bila mwongozaji, maji yanarudi kwa mbio.

Limebaki la mama. Hizo picha za meli hazimdanganyi, anajua sauti ya mtoto mwenye njaa. Mpigie Jumapili hii, mwambie dagaa zilitupwa na kwamba umekonda. Ataumia usiku mmoja. Kisha atauliza akutumie nini, na jibu uwe nalo tayari, maana forodha za huku haziangalii machozi. Samaki wakavu wanaruhusiwa kwa matumizi yako hadi kilo 20, kwa hiyo dagaa atume, wafungwe mara mbili na mfuko wa nje uandikwe. Nyama ya aina yoyote na maziwa hayaingii, hata samli aliyoitengeneza mwenyewe. Matunda na mboga mbichi zinadaiwa cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache kama ndizi, nanasi na nazi. Embe asiweke, hata moja, hata akikuonea huruma namna gani.